Mtoto asipelekwe kituoni kwa mlango wa uani

Mhariri,

Mtaani neno "ustawi", yaani ofisi ya ustawi wa jamii inayoshughulikia matunzo na ulinzi wa watoto, limekuwa fimbo. Majirani wakigombana, mmoja anamtishia mwenzake: "Nitakuitia ustawi waje wakuchukulie mtoto." Baba anayedaiwa matunzo akiletewa wito anadhani anakwenda kulala ndani. Wengine wanaiona ofisi ile kama mahali pa kumwacha mtoto aliyewashinda. Wote hawa hawajui familia inaingiaje kwenye mfumo huu na inatokaje, na kutojua huko ndiko kunakofanya watoto wengi waingizwe kwenye vituo vya kulelea watoto kwa mlango wa uani, bila jalada wala amri ya mahakama. Aliyepita huko ndiye anayekawia kurudi kwao kuliko wote.

Tunayoyaeleza ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao, Na. 6 ya 2011. Huku Bara msingi ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18.

Mlango unaopitisha watu wengi si wa kipigo wala ubakaji. Ni wa matunzo. Nenda ofisi ya ustawi ya halmashauri yoyote Jumatatu asubuhi, utawakuta akina mama kwenye benchi, kila mmoja na bahasha yake: cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki, na namba ya simu ya baba. Ofisa anafungua jalada na kuandika wito, wito unapelekwa kupitia mtendaji wa mtaa au kijiji, na wazazi wanakaa pamoja mezani. Wakikubaliana, makubaliano yanaandikwa na kusainiwa. Wasipokubaliana, au baba asipotokea, shauri linakwenda mahakamani. Zamani, chini ya sheria ya watoto wa nje ya ndoa iliyofutwa na hii ya 2009, baba alitozwa kiasi kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi. Siku hizi mahakama inaangalia kipato na mahitaji.

Makubaliano haya hufa mwezi wa tatu, na sababu zake zinajirudia. Kiasi kimeandikwa bila tarehe. Au mama, kwa hasira, amedai kiasi ambacho baba hana, na baba amesaini ili atoke ofisini. Au fedha zinatolewa mkononi, kisha mmoja anasema nimetoa na mwingine anasema sijapata. Andikeni kiasi kinachotoleka, tarehe, namba ya simu ambayo fedha zitatumwa, na nani analipia matibabu na sare za shule mbali na hiyo ya kila mwezi. Ujumbe wa muamala unabaki kwenye simu, nao ni ushahidi. Tunalikazia hili la matunzo kwa sababu mara nyingi ndilo linalozaa jalada la pili. Fedha zikikatika, mama anahamia mjini kutafuta kibarua, mtoto anabaki kwa bibi mwenye watoto wengine sita, anaanza utoro, na miaka miwili baadaye mnamkuta stendi.

Mlango wa pili ni kliniki. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, muuguzi anapitisha mkanda kwenye mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, rangi ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na matibabu yanaanza. Mtoto akitibiwa, akarudi nyumbani, kisha akaletwa tena mwekundu, muuguzi mwenye jicho anaacha kuuliza juu ya chakula na kuanza kuuliza juu ya watu. Mtoto analala kwa nani? Nani anamlisha mchana? Mama yuko wapi? Majibu yakimtia shaka, anaandika rufaa kwenda ustawi.

Hapo ndipo kosa kubwa linapoanzia. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa serikali ya eneo lake, na kinamtaja mzazi ambaye ana uwezo wa kumpatia mtoto chakula, malazi, matibabu au elimu lakini anakataa au anapuuza. Neno la kushika ni uwezo. Baba anayekunywa mshahara huku mwanawe akilala na njaa si sawa na mama anayeuza mchicha wa shilingi 3,000 kwa siku na kulea watoto wanne. Wa kwanza anaitwa ajieleze. Wa pili anaunganishwa na msaada: aingizwe kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini kama anastahili, ndugu waitwe, mtoto atibiwe. Lakini mara ngapi mtendaji anaandika barua fupi tu: "Mama huyu hajiwezi, naomba mtoto apokelewe kituoni"? Umaskini unageuzwa kosa, na adhabu yake anaibeba mtoto.

Shuleni, dalili huonekana mapema kuliko mahali pengine popote: utoro wa siku moja moja, hasa baada ya mwisho wa wiki, mtoto anayesinzia kipindi cha kwanza, anayekataa kuvua sweta wakati wa jua. Mwalimu hana haja ya kuchunguza, wala hapaswi kumhoji mtoto mara tatu mbele ya walimu wengine. Aandike alichokiona na tarehe, apeleke kwa ofisa ustawi wa kata, na pasipokuwa na wa kata, wa halmashauri.

Wazazi wengi wanauliza kuhusu fimbo. Sheria inakataza mateso na adhabu ya kumdhalilisha mtoto, na inasema adhabu isiyolingana na umri, mwili na akili yake haina uhalali. Kwa hiyo imeacha mwanya wa kile kiitwacho adhabu ya kiasi. Sisi hatuupendi mwanya huo, kwa sababu kila aliyemvunja mtoto mkono husema alikuwa anamfunza adabu. Hata hivyo, usimtegemee wakili wako akupitishe humo. Anayepatikana na hatia chini ya sehemu hiyo ya sheria anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili.

Polisi na hospitali ndizo njia za dharura, na huko saa chache za kwanza ndizo zenye thamani. Mtoto aliyeingiliwa kimwili asiogeshwe, hata kama moyo unakutuma umsafishe. Nguo zake zisifuliwe. Ziwekwe kwenye karatasi au mfuko wa khaki, si wa plastiki, kwa sababu unyevu ukifungiwa humo unaozesha ushahidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo nzuri zaidi. Zinamezwa siku 28. Fomu ya PF3, ile ambayo daktari anaandika alichokiona kwenye mwili wa mtoto, inatoka polisi, na ni vyema uende moja kwa moja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto badala ya kueleza kisa kaunta mbele za watu. Hospitali zenye Kituo cha Mkono kwa Mkono zinakupa daktari, polisi na ofisa ustawi chini ya paa moja, na mtoto anaeleza mara moja badala ya mara nne. Na wazee wa ukoo wakija jioni na lugha ya "tuyamalize nyumbani", tambua kwamba saa 72 zinahesabika huku wao wakinywa chai.

Asiyeweza kufika popote apige 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto. Haina malipo na inapokelewa mchana na usiku. Si lazima utaje jina lako. Ila simu nyingi zinapotea kwa maelezo mepesi kama "kuna mtoto anateswa huku kwetu". Taja mkoa, wilaya, kata na mtaa, na alama inayojulikana, kama vile nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga. Taja umri wa kukadiria, ulichokiona au kukisikia mwenyewe na siku gani, nani anaishi humo, na kama mtoto yuko hatarini sasa hivi au la. Taarifa inapelekwa kwa ofisa ustawi wa eneo hilo, naye atakwenda kwa maelezo hayo hayo uliyotoa.

Je, ni mtoto gani hasa anayehesabiwa kuwa anahitaji matunzo na ulinzi? Kifungu cha 16 kina orodha ndefu: yatima au aliyetelekezwa na ndugu, anayepuuzwa au kuteswa na anayemlea, fukara, asiye na makazi, ombaomba na anayeongozana na ombaomba, anayelelewa na mzazi ambaye ulevi au uhalifu umemfanya asifae, aliye chini ya umri wa kushitakiwa lakini amehusishwa na kosa (umri huo ni miaka 10), na wengineo. Orodha hiyo inawafanya watu wadhani kila aliyemo anaondolewa nyumbani. Sivyo. Kuwa kwenye orodha kunaifanya ofisi ilazimike kuangalia. Mfano mmoja watu hawaujui: mtoto anayeishi karibu na mwanamke anayejiuza yumo kwenye orodha, lakini kama mwanamke huyo ni mama yake mzazi, na inathibitika kwamba anamtunza na kumkinga ipasavyo, kifungu hicho hicho kinamtoa.

Taarifa ikifika, hatua ya kawaida ni mazungumzo. Anayelalamikiwa anaitwa, anasikilizwa, wanakubaliana, na ofisa anarudi kuangalia kama kilichokubaliwa kinatendeka. Majalada mengi yanaishia hapo. Kumwondoa mtoto ni jambo jingine, na kifungu cha 96 kimelifunga kwa kamba fupi. Baada ya uchunguzi, halmashauri ndiyo inayoelekeza. Anayemwondoa ni ofisa ustawi akifuatana na polisi. Mtoto anapelekwa mahali pa usalama kwa siku zisizozidi saba. Na kabla siku hizo hazijaisha lazima afikishwe mahakamani. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka hayo. Hana mchungaji, hana shekhe, hana mwenye kituo. Wanaweza kumkinga mtoto usiku wa hatari, na Mungu awalipe, lakini asubuhi wamfikishe polisi au ustawi.

Hizo siku saba ni chache kuliko zinavyosikika. Tuseme mtoto ameondolewa Ijumaa jioni. Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa, lakini sheria haikusema siku saba za kazi. Jumatatu inakwisha hospitali na kwenye maelezo ya polisi. Jumanne ofisa anatafuta usafiri wa kwenda nyumbani kwao mtoto. Mara nyingi idara haina gari, na pikipiki ya kukodi inalipwa kwa fedha za kuungaunga. Jumatano anaandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Alhamisi awe mbele ya hakimu.

Kila kitu kinategemea taarifa hiyo. Inaeleza mtoto ni nani na umri wake umethibitishwa vipi, analala wapi na na nani, anasoma wapi, nini kimetokea, yeye mwenyewe anasemaje, na kuna ndugu gani wanaoweza kumchukua. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayoachwa tupu. Si kwa uvivu wa ofisa kila mara. Ndugu wanajificha. "Hatutaki kesi," wanasema, wanazima simu, kisha mwezi unaofuata wanalalamika kwamba mtoto wao amepelekwa kwa watu wasiowajua. Hakimu hawezi kumkabidhi mtoto kwa shangazi ambaye jina lake halimo kwenye karatasi.

Kwa hiyo familia iliyopatwa na jambo hili, ndani ya siku mbili za kwanza, ipeleke kwa ofisa majina ya ndugu watatu wa upande wa mama na watatu wa upande wa baba, namba zao na wanakoishi. Aliye tayari kumchukua mtoto aende mwenyewe na kitambulisho chake na barua ya mtendaji wa anakoishi, hata kama anakoishi ni mkoa mwingine. Apeleke pia kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au karatasi yoyote ya shule kama cheti cha kuzaliwa hakipo. Ndugu wa kufaa asipopatikana, inatafutwa familia ya kuaminika, yaani kaya ambayo halmashauri imeichunguza na kuiandaa kupokea mtoto kwa muda. Kuna pia malezi ya kambo, yaani familia nyingine kumlea mtoto bila kumfanya kuwa wake kisheria. Makao ya watoto ndiyo ya mwisho kabisa.

Mahakama nayo haina jibu moja tu la kumchukua mtoto. Inaweza kutoa amri ya usimamizi: mtoto anabaki kwao, ofisa anamtembelea, na mzazi anatimiza masharti aliyopewa. Amri hiyo haizidi mwaka mmoja. Hali ikiwa mbaya zaidi, inatoa amri ya kumweka mtoto chini ya uangalizi wa ofisa ustawi, nayo haizidi miaka mitatu, au mpaka atimize miaka 18 kama atatimiza kabla ya hapo. Mzazi anaweza kuomba amri ifutwe mambo yakibadilika. Asichoweza ni kwenda kumtorosha mtoto. Akifanya hivyo anajiongezea shitaka, na anampa ofisa sababu ya kuandika kwamba bado haaminiki.

Sasa turudi kwenye mlango wa uani, maana ndio uliotufanya tuandike.

Mama amefariki akijifungua. Baba ana kichanga cha wiki mbili, na kopo la maziwa linakwisha ndani ya siku chache. Jirani mwenye huruma anamwambia kuna kituo. Mwenyekiti anaandika barua, anagonga muhuri. Kituo kinampokea mtoto siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini angalia kisichokuwepo: hakuna jalada ustawi, hakuna amri ya mahakama, kwa hiyo hakuna ukomo. Ile miaka mitatu haihesabiwi, kwa sababu haikuanza. Hakuna ofisa anayelazimika kumtembelea kwa kuwa hajui kama yupo. Bibi mzaa mama, ambaye asingeweza kumlea akiwa wa kunywa maziwa ya kopo lakini angeweza kabisa alipoanza uji miezi sita baadaye, hakuulizwa. Baba anabadilisha laini ya simu, anaoa. Mtoto anafika miaka mitano akijua jina la baba yake tu.

Huyo anaitwa yatima, na jengo analolala tunaliita kituo cha yatima. Wengi wao wana mzazi mmoja hai, au wote wawili. Barua ya mwenyekiti inamtambulisha mtu, haihamishi mtoto. Na tuseme lisilopendwa kusemwa: kituo kinachoishi kwa michango ya wafadhili, inayopimwa kwa idadi ya vitanda vilivyojaa, hakina haraka ya kuvipunguza. Hata chenye roho safi kinashindwa kumrudisha mtoto ambaye hakuna karatasi inayosema ametoka wapi.

Mlango huo una sura nyingine pia. Kuna anayechukuliwa kijijini "akasomeshwe mjini" akaishia kuosha vyombo vya watu. Kuna anayeletwa kituoni na wazazi wenyewe kwa sababu pale kuna shule ya bure na wali wa Jumapili. Dawa ya huyu wa pili ni msaada wa ada na chakula kwao, si kitanda.

Kituo chochote lazima kiwe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Mzazi anayo haki ya kuomba kuiona kabla hajamwacha mtoto hata usiku mmoja. Na kituo kilicholetewa mtoto na barua ya mtaa pekee kiite ofisa ustawi siku hiyo hiyo, wala kisingoje ukaguzi.

Waliokwisha kumpeleka mtoto kwa njia hiyo bado hawajachelewa. Aende mzazi au ndugu kwenye ofisi ya ustawi ya halmashauri ambamo kituo kipo, si ya kwao kijijini, akiwa na kitambulisho, nakala ya ile barua ya mwenyekiti kama ipo, na kadi ya kliniki. Aombe jalada lifunguliwe kwa jina la mtoto, na aandike barua mbili: moja ya kueleza mtoto alifikaje pale na mwaka gani, nyingine ya kutaja nani yuko tayari kumpokea na anaishi wapi. Ofisa atamwandikia mwenzake wa eneo la ndugu huyo akaione nyumba. Mtoto aliyekaa kituoni miaka mingi harudishwi kwa siku moja: ndugu anamtembelea kwanza, kisha mtoto analala kwao mwisho wa wiki, kisha likizo ya shule, na ofisa anaendelea kuwafuatilia hata baada ya kuhamia. Anayefika kituoni na begi akitaka kuondoka na mtoto jioni hiyo hiyo, mara nyingi anamrudisha baada ya mwezi.

Maofisa ustawi wa jamii wastaafu,
Morogoro